Shibe na lishe ni vitu viwili

Wakubwa wangu shikamooni, na wazazi wenzangu habari za asubuhi.

Mkononi nina kijiko cha chai. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto, yaani ayodini, kwa siku, mjamzito 250. Zikusanyeni za mtu mzima kwa miaka 70: hazifiki gramu 4, kijiko hiki hakijai. Lakini mama akizikosa sana wakati wa ujauzito, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na ubongo usiokua sawasawa, na shule haitaurudisha. Rovu tunaloliona shingoni ni sehemu tu ya madhara.

Virutubishi tunavigawa kwa kiasi ambacho mwili unakidai. Wanga, protini na mafuta tunavipima kwa gramu. Gramu ya wanga au ya protini inatoa kilokalori 4, ya mafuta 9. Vitamini na madini mengi tunavipima kwa miligramu na mikrogramu. Hivi havitoi nguvu, ila bila hivyo mwili haujui kuitumia nguvu uliyopewa. Maji nayo yana nafasi yake.

Wanaokosa vile vya kwanza huonekana. Mwenye ukondefu hubaki ngozi na mifupa. Mwenye unyafuzi huvimba miguu na nywele hupauka, hata jirani akadhani amenenepa. Mbonyeze mguu kwa kidole gumba: kishimo kinabaki. Jina lake jingine, kwashakoo, limetoka kwa Waga, kabila la Ghana, na Daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935. Kwao ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa, yaani yule aliyeondolewa ziwani akapewa uji mtupu.

Hivi vya pili ndivyo vinavyoniuma, kwa sababu anayevikosa ameshiba. Mtoto amemaliza ugali wake, ila giza likianza kuingia anapapasa ukuta na kujikwaa kwenye kigoda ambacho dada yake amekikwepa. Huyo hana vitamini A ya kutosha, mpelekeni kituo cha afya upesi. Mama anahema kwa ndoo moja ya maji. Vuta kope yake ya chini, ndani pameupe. Damu imepungua, na mara nyingi ni kwa kukosa madini chuma. Kiseyeye ni kukosa vitamini C, matege ni kukosa D.

Twendeni jikoni. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta. Za kundi B na C kwenye maji. Kwa hiyo ukikata mchicha kisha ukauosha, au ukauchemsha na kumwaga maji yake, sehemu kubwa ya B na C imekwenda na maji. Ukiula bila mafuta, karanga wala nazi, ile A yake mwili unaipata kidogo sana. Maharage yana madini chuma, lakini chai ya rangi juu yake huyazuia yasiingie vizuri mwilini. Acheni saa moja au mbili ipite. Ndimu ikamulieni palepale kwenye sahani, hiyo inasaidia.

Na chumvi yenye madini joto isikae wazi, juani wala karibu na jiko. Itieni chakula kikikaribia kuiva. Mfuko wa leo huu hapa. Mama wa mbele, tusomee kwa sauti: umeandikwa kwamba ina madini joto, au haukuandikwa?