Faili Likifa na Logi Hukuzitunza

Habari za mchana, wanangu. Mlionisikia mwaka jana nivumilieni, wimbo ni uleule.

Kuna ofisi hapahapa Dodoma, siitaji. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, seva ikazimika. Ilipowaka, Oracle, programu inayoendesha hifadhidata, ikagoma kufunguka, ikatoa makosa ORA-01157 na ORA-01110: faili namba 7 halisomeki. Kijana wa zamu akapekua mtandaoni, akakuta amri ya OFFLINE DROP, akaipiga. Hifadhidata ikafunguka! Saa nane usiku ananipigia anacheka: "Mzee, imepona." Nikamuuliza, na faili namba 7? Kimya.

Amri ile haifuti faili kwenye diski, inalitaliki: hifadhidata inaendelea bila hilo. Na ni talaka rejea, ila eda yake fupi mno. Logi za Oracle, yaani mafaili yanayorekodi kila badiliko, zimo kwenye makundi, mara nyingi matatu, yanaandikwa kwa zamu. Likijaa la mwisho, inarudi kuandika juu ya la kwanza, na ukiwa kwenye NOARCHIVELOG, hali ya kutotunza logi zilizojaa, hakuna anayelinakili kabla. Yule kijana nakala alikuwa nayo, ya jioni ileile. Usiku ule angeirudisha, akapiga RECOVER, amri ya kurudia mabadiliko yaliyo kwenye logi, mke akarudi nyumbani, maana mabadiliko yote yalikuwa bado ndani ya logi. Yeye akalala. Asubuhi watu wakaingia, siku ya mishahara, na kufikia saa nne logi zilishazunguka. Eda ikaisha hivyo.

Naona mkono kule nyuma. Mnanakili mafaili kila usiku? Vizuri. Mnaizima hifadhidata kwanza? Hamzimi. Basi kwenye NOARCHIVELOG hamna nakala, baba. Mmempiga picha mtu anayekimbia, mguu mmoja haupo.

Faili likiwa la indeksi peke yake, zile orodha za kutafutia data haraka, usilie, jenga upya. La TEMP, la kazi za muda, vilevile. Likiwa la SYSTEM, lenye kumbukumbu za hifadhidata yenyewe, na logi zimeshazunguka, unarudisha nakala nzima, mafaili yote, na kazi ya tangu siku ile wataiingiza tena kutoka kwenye makaratasi, kama yapo. La undo, linalotunza data ilivyokuwa kabla ya kubadilishwa, lina vituko vyake, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Dawa ni kuwasha ARCHIVELOG, hali ya kunakili kila logi kabla haijaandikwa juu: SHUTDOWN IMMEDIATE, STARTUP MOUNT, ALTER DATABASE ARCHIVELOG, ALTER DATABASE OPEN. Kisha nakala mpya papo hapo. "Itajaza diski, mzee." Itajaza, na ikijaa hifadhidata itasimama. Nunueni diski! Pesa za viti vya wageni mbona zinapatikana?

Haya, maswali. Wewe wa nyuma, mbona unatoka? Ahaa, unapiga simu ofisini. Nenda.