Mwizi Mnayemjua Ninyi, Polisi Hawamjui

Ndugu zangu walinzi na wasimamizi wa maduka ya hapa Mombasa, asanteni kwa kuja.

Yule mwizi mnayemjua kwa sura, aliyenaswa juzi na kopo la maziwa ya mtoto na kabla ya hapo na mafuta ya kupikia, kituoni hana historia. Mara zote mlimalizana naye nyuma ya duka. Alipigwa picha ameshika bidhaa, akalipishwa mara kadhaa ya bei, akala makofi, akafukuzwa. Kwa polisi, leo ni mara yake ya kwanza.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 34, inamruhusu raia kumkamata mtu anayeiba mbele yake. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakuna panaporuhusu kumfungia stoo hadi jamaa zake walete pesa. Na yale makofi ni kosa la jinai. Mlinzi mwenyewe anaweza kuishia kizimbani.

Mkifika kituoni, hakikisheni tukio limeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na msiondoke bila namba yake. Pelekeni bidhaa yenyewe kama kielelezo. Nakilini video siku hiyo hiyo, kwa sababu mashine nyingi za kamera hufuta za zamani zikijaa. Katiba, Ibara ya 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 3.

Sasa, kesi nyingi zinafia wapi? Kwa shahidi. Mlinzi amehamishiwa lindo jingine, au meneja hampi ruhusa. Tarehe inapita, nyingine inapita, kesi inaondolewa. Inaniuma sana, maana kazi yote ya polisi inamwagika hapo. Angepatikana na hatia, safari ijayo mwendesha mashtaka angeieleza korti kwamba huyu si mgeni.

Lakini tusiwaweke wote kapu moja. Lipo kundi linalokuja na gari, mmoja anamzubaisha mhudumu huku wenzake wakibeba. Hao ni wa upelelezi na jela. Yupo pia teja, yaani mraibu wa dawa za kulevya. Mtu mwenye arosto, ile hali ya kuugua kwa kukosa dawa, haogopi seli. Anataka pesa ya kete kabla jua halijazama, na akitoka atarudi rafu ile ile. Hata Uingereza wameliona hili. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, polisi wa England na Wales waliandikisha wizi wa dukani zaidi ya 530,000. Kule West Midlands, polisi wenyewe waliamua kuwatafutia wezi sugu walioathiriwa na dawa za kulevya nafasi za matibabu.

Sisi njia tunayo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, inayomwezesha hakimu kumpa mkosaji kazi ya jamii badala ya jela, inahusu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3, na wizi huu umo. Methadoni, dawa ya kumtibu mraibu wa heroini, inatolewa Malindi na Kisauni tangu 2015. Afisa wa probesheni, anayemchunguza na kumsimamia mkosaji nje ya jela, anaweza kumweleza hakimu hayo yote, ila ni lazima kwanza kuwe na kesi.

Kwa hiyo mameneja, nawaomba jambo moja: mlinzi akiitwa kortini kutoa ushahidi, siku hiyo ahesabiwe yuko kazini, alipwe mshahara wake na nauli.