Kipindi cha 31: Segera ya Trier

MUSA: Haya jamani karibuni tena, tuko jikoni hosteli kwa Asha kama kawaida, mkisikia mngurumo ni friji, bado halijatengenezwa. Leo tuna mambo matano ya kujua kabla hujaanza safari za wikiendi ukiwa mwanafunzi huku Ulaya, nimeyaandika kabisa kwenye karatasi. Namba moja...

ASHA: Kabla ya namba moja. Jumamosi nilienda Luxembourg.

MUSA: Uongo.

ASHA: Nilielekea Luxembourg.

MUSA: Hapo sawa. Haya lete.

ASHA: Yani mpango ulikuwa mtamu, wa bure kabisa. Tiketi yetu ya semesta, hii ya wanafunzi wa Ujerumani, inakufikisha mpakani kwa hizi treni za mkoa, afu Luxembourg kwenyewe usafiri wa umma ni bure nchi nzima tangu 2020, basi, tramu, treni, labda ujifanye bosi ukae daraja la kwanza ndo unalipa. Kwaiyo Bonn, Koblenz, Trier, Luxembourg, sitoi hata senti. Maandazi nimebeba. Kutoka Koblenz joto zuri mle ndani, nje mto Mosel na mizabibu milimani huko, nikasema acha nifumbe macho kidogo.

MUSA: Kosa hilo.

ASHA: Sa nani aliniambia ile treni inakatwa? Ikifika Trier wanaitenganisha, nusu inaenda Luxembourg, nusu inashuka Saarbrücken mpaka Mannheim huko. Mi nimelala nusu ya Mannheim.

MUSA: Si wanatangaza?

ASHA: Walitangaza kwa Kijerumani na mimi nakoroma kwa Kiswahili.

MUSA: Subiri. Subiri kwanza. Mtu wa Tanga. Umepitilizwa Segera, njia panda ya kwenu!

ASHA: Nilijua tu utafika huko.

MUSA: Mtoto wa Tanga kapanda basi Dar, kasinzia, Segera imepita, anaamka Mombo anamuuliza konda Muheza bado? (anacheka) Asha, ile Trier ni Segera!

ASHA: Segera gani ina geti la Warumi.

MUSA: Segera yenye geti la Warumi na nyumba aliyozaliwa Karl Marx. Mahindi ya kuchoma je, yalikuwepo?

ASHA: Sikuiona Musa, nilikuwa nimelala! Nimeshtuka Merzig. Nauliza bibi mmoja, Luxembourg? Akanitazama kwa huruma, akanyoosha kidole nyuma.

MUSA: Anakuonyesha Muheza.

ASHA: Acha bwana. Sa kibaya chenyewe, tangu Koblenz nilishaweka status, bendera ya Luxembourg, "leo tuko huku". Niko Merzig simu inaita, mama mdogo. Anasema mwanangu nasikia huko ndo kwa matajiri wenyewe, basi tukumbuke, jiko limeezuliwa na upepo, tunahitaji bati kumi.

MUSA: (anacheka) Na hata hujafika!

ASHA: Afu nikasema potelea mbali, nimeshapotea, nikaenda mpaka Völklingen. Pale karibu na stesheni kuna kiwanda cha chuma cha zamani, kilizimwa 1986, UNESCO wakakiingiza kwenye urithi wa dunia 1994, matanuri sita yamepanga mstari, makubwa, yana kutu, mazuri mpaka nikakaa chini. Sa fikiria, nadaiwa bati nimesimama mbele ya kiwanda cha chuma.

MUSA: Ungewaomba pale pale. Picha uliweka?

ASHA: Ya kutu nani ataangalia?

MUSA: Ndo maana mi safari zangu ndugu wote nimewaficha kwenye status. Amsterdam, Brussels, Prague, nyumbani hawajui. Wanajua niko maktaba.

ASHA: Hiyo sikubaliani nayo, na si leo tu.

MUSA: Hukubaliani na nini? Akaunti ya viza, hela yangu mwenyewe waliyoifungia benki, inaniachia euro 992 kwa mwezi, toa kodi, toa bima, inabaki nini? Basi la usiku la kwenda Prague nalipia hela ya shifti za ghala. Ila ndugu akiona daraja la Prague, Mwanza nzima inajua Musa ana hela.

ASHA: Si uwaambie sasa kwamba basi ni la usiku na umelala umekaa!

MUSA: Nani ataamini? Picha haionyeshi shingo inavyouma.

ASHA: Dada yako alinitumia ujumbe ile wikiendi, Musa hapokei, mzima? Nikajibu nini? Yuko maktaba. Umenifanya niongope kwa mtu mzima. Na siku ukipata ajali huko Prague, mama yako aambiwe mwanao yuko hospitali ya Prague, yeye anajua uko Köln.

MUSA: Usiniombee mabaya.

ASHA: Sikuombei, nakuuliza.

MUSA: Na mimi nakuuliza. Bati umeahidi ngapi?

ASHA: ... Nne.

MUSA: Safari ya bure, bati nne. Haya.

ASHA: Afadhali bati nne kuliko kuishi kama mkimbizi kwa mama yako mwenyewe.

MUSA: We unaliita kukimbia, mi nasema namlinda asiwaze.

ASHA: Unajilinda wewe.

MUSA: Sawa.

ASHA: Sawa.

(friji)

MUSA: Tuna dakika ngapi?

ASHA: Mbili, jirani kashachungulia mara mbili na sufuria yake.

MUSA: Namba moja basi haraka, beba pasi na kadi ya ukaazi vyote viwili, usiseme Schengen, zile nchi za Ulaya za viza moja, haina mpaka, Wajerumani wanakagua mipaka yao yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na kadi yetu inakupa siku 90 ndani ya 180 kwenye nchi zingine za Schengen, Uingereza haimo. Namba mbili...

ASHA: Namba mbili usilale Koblenz. Imeisha, mlango huo unagongwa.

MUSA: Bado tatu!

ASHA: Wiki ijayo. Treni yako saa ngapi?

MUSA: Dakika kumi. Na hii haikatwi.

ASHA: Pita na hizo chupa kwenye mashine ya supamaketi inayorudisha hela ya chupa basi, ziko nane, euro mbili hizo.

MUSA: Zangu?

ASHA: Za bati.