Upepo, Tetemeko na Ringi ya Nguzo

Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari za jioni.

Mtu akitazama jengo refu huwaza uzito. Uzito hautusumbui sana, maana unashuka wima na nguzo zinaupokea. Kinachomkosesha mhandisi usingizi ni upepo. Ongeza urefu mara mbili, upepo ukiwa uleule: nguvu ya kulipindua jengo pale kwenye msingi inakuwa mara nne. Na kama ugumu wake haukuongezeka, kilele kinayumba mara 16 ya mwanzo.

Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, iliyofunguliwa mwaka 2010, ina mabawa matatu yanayoegemea kiini cha zege chenye pande sita. Bawa moja likisukumwa, mawili yanalishikilia. Kadiri linavyopanda, mabawa yanakatwa kwa zamu, hili kisha lile. Wengi hudhani ni urembo. Wapi! Upepo ukipita kwenye jengo huacha vimbunga vidogo kulia, kisha kushoto. Vikienda mdundo mmoja na jengo lenyewe, linaanza kuyumbayumba. Umbo likibadilika njiani, vimbunga hivyo havipatani. Taipei 101, jengo refu la Taiwan, wao walitundika tufe la chuma la tani 660 huko juu, lipunguze mtikisiko. Ni kazi nzuri, ila mimi naona ya Dubai ina akili zaidi: umbo lenyewe ndilo dawa.

Sasa hapa kwetu. Dodoma tuko kwenye Bonde la Ufa, ardhi inatikisika. Naamini humu wamo waliowahi kutoka nje usiku na shuka. Tetemeko halina habari na urembo wa kioo. Linaanzia chini, na jengo likiwa zito zaidi, kipigo nacho kinazidi.

Kwa hiyo vijana mkienda saiti, acheni kushangaa kreni. Inameni mtazame ringi za nguzo, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo za wima. Ncha zikikunjwa nyuzi 90 tu, siku zege la nje likibanduka ringi inafunguka, nondo za wima zinabenuka, na nguzo imekwisha. Zikunjwe nyuzi 135, ncha ziingie katikati ya nguzo, na ringi zisogezwe karibukaribu pale nguzo inapokutana na boriti. Fundi atanung'unika, kusuka kunamchelewesha, na mkandarasi atawaambia gari la zege limeshafika getini. Lisubiri. Likishamwagwa, hakuna atakayeiona tena hiyo ringi.

Haya, naona mkono kule nyuma.