Nyimbo za Roki za Kijapani za Majira ya Sakura, na Mbona Karibu Zote Zinaaga

Shikamooni wakubwa zangu, mambo vipi wadogo. Niko Kofu, mkoa wa Yamanashi, Japani, Aprili ndiyo kwanza imeingia, na hii sauti iliyoziba msije mkanipigia simu kunipa pole. Si mafua. Ni chavua ya miti wanayoiita sugi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliipanda milimani kwa wingi wapate mbao, na sasa kila machipuko nchi nzima inapiga chafya. Ndiyo maana huku nyuma yangu mnaona kila mtu na barakoa.

Tangu niweke ile video ya sakura, yaani maua ya miti ya cheri, mmekuwa mkiniuliza: huko wanasikiliza nini majira haya? Nitawajibu upande wa roki tu, maana ndiko masikio yangu yaliko. Na msiseme roki ya Kijapani hamuijui. Mliokuwa mkitazama ile katuni ya Naruto, ule wimbo wa kufungulia unaoanza na besi inayokimbia ni wa Asian Kung-Fu Generation, unaitwa "Haruka Kanata". Kwa hiyo hodi mlishapiga zamani.

Sasa, ukija na fikra kwamba nyimbo za machipuko ni za kushangilia jua limerudi, utashangaa. Karibu zote ni za kuagana. Kisa ni kalenda. Mwaka wa shule na mwaka wa serikali unaisha tarehe 31 Machi, mwingine unaanza tarehe 1 Aprili. Mahafali Machi, uhamisho wa kazi Machi, kuhama nyumba Machi. Mtu mliyekuwa mnakula naye mchana kiwandani anapita mezani kwako na boksi la biskuti, kila moja imefungwa kwenye karatasi yake, anakupa moja, anainama, anasema asante kwa yote. Wiki inayofuata yuko Fukuoka. Hakuna kukumbatiana, hakuna hotuba. Yale yote ambayo hakuyasema, mimi naamini ndiyo yanayoimbwa na hizi bendi kwa gitaa lililofunguliwa sauti mpaka mwisho.

Nianze na vijana wa mkoa huu huu. Remioromen walikuwa watatu, marafiki tangu utotoni, wa Misaka, ng'ambo kidogo ya hapa, kule kwenye mashamba ya mapichi ambayo wiki hii yamegeuka waridi bonde zima. Wimbo wao unaitwa tarehe: "Sangatsu Kokonoka", yaani tarehe 9 Machi, na ulitoka siku hiyo hiyo mwaka 2004. Waliutunga kwa ajili ya harusi ya rafiki yao. Halafu 2005 tamthilia moja ya televisheni ikauweka kwenye tukio la wanafunzi kuimba kwaya, basi, shule zikaunyakua, na leo ni wimbo wa mahafali.

Ninachoupendea ni kwamba ndani yake hakuna ua hata moja lililochanua. Machi 9 huku bado kuna baridi. Anaimba matumba ya sakura tu, yale yanayongoja kufunguka. Na mbele kidogo anaimba kimbunga kidogo cha vumbi kinachojizungusha kwenye nguo zilizoanikwa, halafu mwezi mweupe unaoonekana kabla ya saa sita mchana. Watu wa Dodoma mnalijua hilo vumbi la kuvamia kamba ya nguo. Wimbo wa harusi, na jamaa anaimba nguo zilizofuliwa! Mtunzi wa kwetu angeshataja dhahabu na lulu.

Sasa panda mlimani, upande wa Fuji, mpaka Fujiyoshida. Picha yake mmeshaiona hata kama jina hamlijui: pagoda nyekundu ya orofa tano, sakura pembeni, mlima nyuma. Huko ndiko alikozaliwa Shimura Masahiko, mwimbaji wa Fujifabric. Bendi hii ilipoingia kampuni kubwa ya muziki mwaka 2004 ilitoa nyimbo kwa kufuata majira, na ya kwanza ilikuwa "Sakura no Kisetsu", yaani majira ya sakura, tarehe 14 Aprili. Tarehe hiyo sakura za Kofu kwa kawaida zimekwisha, lakini Fujiyoshida iko juu, na huko ndiyo zinakuwa zimepamba moto. Nahisi kijana wa kule anayaona majira haya kwa macho tofauti, kwa sababu yanamfikia yakiwa yamekwisha kwa wenzake.

Huu ndio ningewalazimisha mkae chini muusikilize. Unaanza na swali: sakura zikiisha, utaenda mji wa mbali? Kisha tunaletwa chini ya mteremko, mtu anapunga mkono, gari linatokomea. Hapo mtunzi mwingine angelia. Huyu anasema haya, basi nitaandika barua yenye mapenzi. Anaiandika, anaipamba kwa visa vya kutunga, anaisoma tena mwenyewe, na anaguswa na maneno yake mwenyewe! Nilicheka mara ya kwanza nilipoelewa. Kisha nikaacha kucheka, maana nani kati yetu tulio nje hajawahi kutuma nyumbani sauti ya WhatsApp, kila kitu kiko sawa, kazi nzuri, halafu akairudia kuisikiliza yeye mwenyewe? Muziki nao umepinda: kinanda kinacheza kama kina utani wake wa pembeni, na mwimbaji hana haraka ya kukuhurumia.

Shimura alifariki tarehe 24 Desemba 2009, akiwa na miaka 29. Wenzake waliendelea bila yeye mpaka waliposimamisha shughuli za bendi mwaka 2025. Miji ya Japani huwa na vipaza sauti vya jioni vya kuwaambia watoto warudi nyumbani, na Fujiyoshida imewahi kuweka nyimbo zake humo. Nimetembea mitaa ile. Maduka ya nguo ya zamani, nyaya za umeme, na mlima umeziba mwisho wa barabara wote.

Spitz nitawapitia haraka kwa sababu wimbo wao "Cherry" wa Aprili 1996 hauhitaji kutangazwa na mimi. Ingia chumba chochote cha karaoke, utaukuta. Ni mwepisi, unaimbika hata ukiwa na Kijapani cha kuombea maji. Ila angalieni, na humu mna barua: jamaa aliiandika kwa mikono michafu na anaomba itupwe. Sijui Wajapani na barua za machipuko wana nini.

Kwa bendi mpya nawaonjesha Yorushika, "Haru Dorobō", Januari 2021. Mtunzi n-buna, mwimbaji suis, na nyuso zao hawazionyeshi. Upepo unaoangusha maua ndio mwizi wa machipuko. Sikilizeni mwishoni: bado kidogo, zimebaki za kuhesabika, maua mawili, ua moja, majani tu. Wanahesabu kurudi nyuma huku ngoma zikizidi kusukuma mbele, na hapo ndipo mwili unaposisimka. Kumbe hata serikali inahesabu, ila kwa kwenda mbele. Idara ya hali ya hewa ina mti wake maalumu, kwa Tokyo uko hekalu la Yasukuni. Yakifunguka maua matano au sita, mtumishi anatangaza sakura zimeanza, na kamera za televisheni zote ziko hapo zikimwangalia mtu anayeangalia mti.

Wa mwisho ni wa kizee, na huu ni wetu sisi tulioondoka. Happy End, mwaka 1970, wimbo wa kwanza kwenye albamu yao ya kwanza: "Haru yo Koi", njoo machipuko. Wakati ule watu walibishana kwelikweli kama roki inaimbika kwa Kijapani, wengine wakishikilia ni Kiingereza tu. Hawa wakaja na maneno ya Matsumoto Takashi, sauti ya Ohtaki Eiichi, na gitaa zito. Kijana ameacha nyumba ya wazazi. Mwaka mpya umefika, yuko peke yake, anakumbuka meza yenye joto chini yake, supu ya sikukuu, ndugu wakicheza karata. Hakuna ua humo wala jua. Ni Januari, na anaita tu. Mama, huu usiutafutie tafsiri, utanipigia usiku.

Majina yote nimeyaweka hapo chini kwa herufi zao na kwa zetu, kwa sababu ukiandika "sakura" peke yake utaletewa nyimbo za nchi nzima na ya Fujifabric hutaiona. Anzeni na hiyo. Zamu yangu inaingia saa mbili usiku na sijapika. Haya, Jumapili.