Marafiki wa Ayubu wako hapa Kisumu

Bwana asifiwe. Wale wako nyuma sogeeni mbele, viti viko, na akina mama wenye watoto wapewe nafasi kwanza. Nimepewa kichwa kirefu, kupata maana na huruma ndani ya mateso, na mnanijua, nikipewa kichwa cha aina hii naenda moja kwa moja kwa Ayubu. Wengine wenu mmeshaniskia nikisema haya maneno, nimeyasema Maseno, nimeyasema hata kwa matanga mpaka wazee wakaniangalia vibaya, na bado nitayasema juu naona bado tunafanya vilevile.

Sitasoma kitabu chote, hadithi mnaijua. Mali imeenda, watoto kumi wamekufa siku moja, mwili umejaa majipu, mzee amekaa kwa jivu anajikuna na kigae. Sasa wanakuja wale marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Kanisani tunawasema vibaya sana hawa watu, lakini mimi kwa zile siku saba za kwanza nawatetea. Someni sura ya 2 mstari wa 11 mpaka 13. Walitoka mbali, wakamwona hata hawakumtambua, wakalia, wakararua nguo, wakaketi naye chini, kwa mchanga, siku saba mchana na usiku, na hakuna hata mmoja alifungua mdomo, kwa sababu waliona mateso yake ni makubwa mno. Siku saba! Sisi hata dakika saba hatuwezi. Mtu anaingia wadi, hata mkoba hajaweka chini, ashaanza, mama usilie, Mungu ana mpango, kuna kitu Mungu anakufundisha hapa. Halafu ile mbaya kuliko zote, hiyo husemwa kwa sauti ya chini, lakini mmeangalia huko kwenu? Hakuna kitu kilifanyika huko nyuma?

Hapo ndipo marafiki wa Ayubu waliharibu. Walipofungua tu mdomo, kazi yote ya siku saba ikaisha. Elifazi anaanza polepole, kwa heshima, anamwambia hebu kumbuka, ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana kosa? Bildadi yeye hana hata hiyo heshima, sura ya 8 anamwambia mtu amezika watoto kumi kwamba pengine hao watoto walitenda dhambi wakalipwa. Anamwambia baba yao! Na Bildadi si mpagani, Bildadi anamtetea Mungu, anaongea kama mtu wa kesha. Ndio maana mimi husema soma mpaka mwisho, sura ya 42, Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili, hamkunena yaliyo sawa juu yangu kama mtumishi wangu Ayubu. Ayubu mwenye alilia, akalalamika, akalaani siku ya kuzaliwa kwake, huyo ndiye alinena sawa. Wale walikuja na majibu ndio wakaambiwa wapeleke ng'ombe saba na kondoo saba, na tena waende kwa Ayubu awaombee.

Sasa niwaonyeshe Bildadi wa hapa kwetu. Mnajua nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kwa wadi ya watoto, na hapa kwetu kando ya ziwa huwezi fanya kazi kwa wadi ya watoto bila kukutana na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto akishikwa na yale maumivu, wacha nieleze kwa wale hawajaona. Kama ni mdogo, wa mwaka mmoja hivi, vidole vya mikono na miguu vinafura mpaka vinang'aa. Akiwa mkubwa kidogo ni mifupa, mgongo, kifua, hataki hata shuka imguse mguu. Macho yamegeuka njano. Mama amejaza maji ya moto kwa chupa ya plastiki, ameifunga na leso, anaisogeza polepole kwa goti la mtoto, na kwa mkono ule mwingine ana kijiko, anampa maji, kijiko kimoja, anangoja, kingine. Hiyo inaenda usiku mzima.

Kuna usiku mama mmoja wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, alikuwa hapo hivyo, na jioni yake walikuwa wamekuja wageni wa kanisa, na wallahi walikuwa watatu. Siwaambii ni kanisa gani, msiulize. Wakaomba kwa sauti, mtoto akashtuka akaanza kulia upya. Wakamaliza, mmoja akasema hii inaonekana ni laana ya ukoo, lazima ivunjwe. Mwingine, mama mzima na Biblia mkononi, akasema chira, ile laana Wajaluo husema inampata mwenye amevunja mwiko. Wa tatu akauliza baba ya mtoto yuko wapi. Wakaenda. Nilipopita na dawa ya usiku yule mama akaniuliza, sista, ni mimi ama ni baba yake?

Ni swali gani hilo? Ni Yohana 9! Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu? Wanafunzi wamesimama mbele ya mtu kipofu wanamjadili kama hayupo, na Yesu anawakata, huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Miaka elfu mbili imepita na bado tunauliza mama maskini lile swali Yesu alishajibu.

Na hata kwa damu yenyewe jibu ni hilohilo. Sikoseli mtoto anaipata kwa baba na kwa mama, wote wawili, kila mmoja amebeba nusu na ni mzima kabisa, hajui. Wakikutana, kila mimba kuna nafasi moja kwa nne mtoto azaliwe nayo. Hakuna aliyekosea. Na mbona imejaa huku Nyanza na Busia na sio kule Nyeri? Kulikuwa na daktari akiitwa Anthony Allison, alikulia hapahapa Kenya, mwaka wa 1949 alizunguka akipima damu za watu, akakuta iko nyingi pwani na huku ziwani, kwenye mbu, na mwaka wa 1954 akaandika kwamba yule amebeba nusu, malaria haimwui kwa urahisi. Hiyo mnaita laana ya ukoo ndiyo iliwabakisha babu zetu hai.

Lakini ngoja, nawaona mmefurahi, na nataka kuzuia hapo. Hata hayo ya Allison usiende kumwambia mama saa tisa usiku. Ni kweli, mchana kliniki mwambie, itamtoa aibu. Usiku mtoto wake analia, na ukianza kumwelezea faida ya malaria wewe pia umekuwa Bildadi, tofauti ni umevaa koti jeupe.

Sasa kuna mtu hapo anataka kuniuliza, kwani Biblia haisemi dhambi inaleta mateso? Inasema. Mlevi ataharibu ini, mwizi atapigwa, hiyo hata haihitaji nabii. Lakini kutoka kwa dhambi kwenda kwa mateso ni njia moja, usirudi nayo kinyume, ati nimeona mateso basi dhambi iko. Luka 13, mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, Yesu akauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu? Mto Nzoia ukivunja kingo, watu wa Budalang'i wakilala shuleni na kuku zao, wao ni wenye dhambi kuliko sisi wa Milimani, mtaa wa wenye nacho? Jibuni. Eh.

Mwingine anasema juu yangu, huyu mama anayeongea haamini uponyaji. Naamini, na naomba. Lakini angalieni Yesu kwa kaburi la Lazaro. Alijua anaenda kumfufua, alishawaambia wanafunzi kabla hawajaanza safari. Angeweza kufika akicheka, akasema nyamazeni, dakika tano tu mtaona. Akalia. Kama mwenye uwezo wa kufufua alilia kwanza, wewe unakimbilia wapi? Na hawa wanaambia wazazi mtoto amepona, acheni dawa, nitasema mara moja tu na kwa hasira, hiyo si imani, hiyo ni kuua. Folik, dawa ya kuzuia malaria, haidroksiurea, ile ya kupunguza yale maumivu, kama ameandikiwa, mtoto ameze, na muombe akimeza.

Haya, maana. Mliniita niongee juu ya maana. Msimamo wangu ni kwamba maana ya mateso hailetwi na mgeni. Mwenye mateso ndiye ana ruhusa ya kuisema, na siku yake, na asipoisema pia ni sawa, Zaburi ya 88 inaisha kwa giza na Mungu aliiacha kwa Biblia hivyohivyo. Yule mama wa Nyalenda, mtoto wake alifariki baadaye. Leo siku za kliniki utampata pale kwa benchi, amekaa na mama mgeni mwenye ndio ameambiwa majibu ya damu ya mtoto wake, amemshikia mtoto ili aende chooni, amemnunulia uji. Watu wanamwambia, unaona, Mungu alimchukua mtoto ili uwasaidie hawa. Hilo neno analikataa kabisa. Kuna siku alinijibu, mimi sijui kwa nini alienda, lakini saa tisa usiku ikoje, hiyo najua. Nami nikifungua 2 Wakorintho 1 mstari wa 4, Mungu anatufariji katika dhiki zetu ili nasi tuwafariji walio katika dhiki, namwona yeye. Hapo Paulo hasemi dhiki ililetwa kwa ajili hiyo. Anasema faraja ndiyo inapitishwa, na inapitishwa na mtu alikuwa hapo.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nilikuwa na Gethsemane, niguse tu. Yesu usiku ule hakuwaomba marafiki mahubiri, alisema kaeni hapa, mkeshe pamoja nami. Wakalala. Kulikuwa na muuguzi Mwingereza, Cicely Saunders, mgongo ulimkataza uuguzi akasomea udaktari, Mkristo wa kuomba, mwaka wa 1967 akafungua nyumba ya wagonjwa wasiopona London, na kazi yake yote imekaa juu ya hayo maneno, kaeni hapa. Lakini alisimamia pia morfini, dawa ya maumivu makali, kwa wakati wake, kabla maumivu hayajarudi. Huruma na dawa, hakuna kuchagua. Ya Paulo na mwiba nitaacha, ya kusamehe waliokuumiza pia, hiyo inataka siku nzima.

Jumatano tunaenda wadi. Watu wawili kwa kila mtoto, wasizidi. Hakuna kipaza sauti, hakuna kupiga makofi. Ukitaka kuomba, muulize mama kwanza, akisema bado, bado. Beba maji safi, chupa ya kutia maji ya moto na leso ya ziada, na umwachie mama alale hata saa moja wewe ukishika kijiko. Wenye wanaenda wabaki hapa kidogo, tuonyeshane vile mtoto mwenye maumivu ya mifupa anageuzwa kitandani, juu ukimvuta mkono utamuumiza.