Nauli ya Programu na Vinavyoongezwa Juu Yake

Assalaam alaykum. Ndugu wasikilizaji, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya nauli za magari yanayoitwa kwa programu za simu, na ninafurahi kuona kwamba humu ukumbini wamo abiria na wamo madereva pia, kwa sababu malalamiko ninayoyasikia yanatoka pande zote mbili, na mara nyingi kila upande unamlaumu mwenzake kwa jambo ambalo hakulipanga yeye. Hoja yangu ni hii: programu inaihesabu safari ya abiria, kutoka alama moja ya ramani hadi nyengine, lakini haiihesabu safari ya gari. Ada nyingi za ziada, na ugomvi mwingi tunaoushuhudia hapa Unguja, unazaliwa katika tofauti hiyo.

Nauli ya kawaida ina sehemu tatu. Ipo nauli ya kuanzia, ambayo hulipwa hata kama gari limekwenda hatua chache. Kipo kiwango cha kila kilomita. Na kipo kiwango cha kila dakika. Juu ya hizo kampuni huweka kima cha chini, ili safari fupi sana isimtie dereva hasara. Tuchukue tarakimu za kufanyia hesabu tu, zisihesabiwe kuwa ni bei ya kampuni yoyote: nauli ya kuanzia shilingi 1,500, kilomita shilingi 900, dakika shilingi 100. Safari ya kilomita 7 inayochukua dakika 20 itakuwa 1,500, kuongeza 6,300, kuongeza 2,000, jumla shilingi 9,800. Safari hiyo hiyo ikikwama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe ikachukua dakika 40, jumla inakuwa shilingi 11,800, ingawa gari halijapita hata mita moja ya ziada.

Kampuni nyingi siku hizi huonesha bei kabla ya safari, na abiria huichukulia bei hiyo kama ahadi. Ni ahadi kweli, lakini ina masharti yake. Imekadiriwa kwa njia fulani, kwa muda fulani na kwa kituo kimoja cha mwisho. Abiria anayesema njiani, "Tupitie Michenzani mara moja, nina mzigo wangu pale," ameshaibadilisha safari, na si haki kumgombeza dereva tarakimu inapopanda mwishoni.

Sasa nije kwenye ongezeko la bei wakati wa mahitaji makubwa, jambo linalowakera watu kuliko yote. Waombaji wakizidi magari yaliyopo, mfumo huizidisha nauli kwa kipeo, yaani tarakimu ya kuzidishia, tuseme moja na nusu, na ile 9,800 yetu inakuwa 14,700. Lengo linaloelezwa ni kuwavuta madereva waje pahali penye watu wengi. Udhaifu wa utaratibu huu ulionekana wazi Sydney, Australia, mwezi Disemba 2014, pale watu walipokuwa wakikimbia katikati ya mji kwa sababu ya tukio la utekaji nyara, na nauli za Uber, kampuni ya magari ya programu, zikapanda hadi mara nne. Kampuni ikalaumiwa vikali, ikatoa safari za bure na kuwarejeshea watu fedha zao. Mashine ilikuwa imehesabu waombaji bila ya kujua wanakimbia nini.

Hapa kwetu kipeo hupanda boti ya kutoka Dar es Salaam inapofunga gati Malindi na abiria wote wakafungua simu kwa pamoja, au mvua ya masika inapoanza ghafla. Kwa nyakati hizo mimi siioni kuwa ni dhulma, maadamu bei imeoneshwa kabla na mtu ana hiari ya kuikataa. Akisubiri kidogo, wenzake wakishaondoka, kwa kawaida inashuka. Lakini saa moja kabla ya magharibi ndani ya Ramadhani hali ni nyengine kabisa. Dereva anakwenda kufuturu na watoto wake, na hakuna kipeo kitakachomtoa nyumbani. Hapo bei inapanda bila ya kuleta gari hata moja, na abiria analipia uhaba tu.

Liko jambo la Mji Mkongwe ambalo walioziunda programu hizi hawakulifikiria. Abiria yuko ndani ya Shangani au Kiponda, anabonyeza kitufe cha kuita gari, na alama inaangukia juu ya paa la nyumba iliyo kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni unapita kwa kubanana. Dereva anafika pale barabara inapoishia, anabonyeza kwamba amefika, na saa ya kusubiri inaanza kwenda. Dakika chache za mwanzo ni za bure. Baada ya hapo kila dakika ina bei yake, huku mgeni wa watu bado anaburuta sanduku lake akiuliza njia ya kutokea. Dawa yake ni abiria kuihamisha alama kwa mkono kabla ya kuita, aiweke Forodhani, Darajani au Mkunazini, kisha atembee hadi hapo na ndipo athibitishe. Na dereva anayebonyeza kwamba amefika ilhali bado yuko Kisiwandui, huyo anachukua fedha isiyo yake, na nalisema hilo mbele ya madereva wenyewe.

Ada ya kughairi safari haihitaji maneno mengi: ukighairi baada ya dereva kuianza njia, umemtumilisha mafuta. Linalonishughulisha zaidi ni ombi la dereva tulilolizoea sote, "Ghairi huko, tuelewane huku," yaani safari ifutwe kwenye programu na bei ipangwe kwa mdomo. Chanzo chake ni kamisheni, ile sehemu ya nauli ambayo kampuni humkata dereva. Kwa Tanzania Bara, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15 mwaka 2022. Uber ikasimamisha huduma zake mwezi Aprili mwaka huo, na ikarejea Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya, kwa kanuni za 2022, iliweka asilimia 18. Mamlaka ya LATRA yanaishia Bara, kwa hivyo anayeteremka boti akadai viwango vya LATRA Malindi anadai kisicho na nguvu hapa. Hata hivyo hesabu yake inafundisha: asilimia 25 ya ile 9,800 ni shilingi 2,450. Dereva anabaki na 7,350, na humo atoe mafuta na hesabu ya mwenye gari. Ninamuelewa, lakini abiria anayekubali kughairi aelewe kwamba safari yake haina tena kumbukumbu, na akisahau simu ndani ya gari, kampuni haina pa kuanzia kuitafuta.

Mwisho ni safari za shamba, na hapa ndipo ile tofauti niliyoitaja mwanzo inapouma zaidi. Kutoka mjini hadi Nungwi ni takriban kilomita 60. Programu inamlipa dereva kilomita hizo 60, wakati gari litakwenda 120, kwa kuwa usiku ni nadra kupata abiria wa kurudi naye mjini. Ndiyo maana dereva hukataa, au hukubali kisha akaomba nyongeza njiani, na nyongeza inayoombwa gari likiwa limeshapita Mahonda haina uungwana wowote. Ninachoshauri ni abiria wa shamba ampigie dereva simu kabla gari halijaondoka, aulize kama bei iliyooneshwa inamtosha, na kama kuna nyongeza itajwe hapo hapo na iandikwe kwenye ujumbe ndani ya programu. Dereva atakayedai zaidi ya hapo, abiria ana ujumbe, ana risiti, na ana pa kuvipeleka: kwanza kampuni yenyewe, na ikinyamaza, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.